Namna ya kukisoma kijiji chako kwa ikolojia ya binadamu, kwa mifano ya huku kwetu Tanga

Kila mwaka vijana wa chuo wanashushwa huku Tanga na madaftari yao, wamepewa kazi ya kuandika "jinsi jamii inavyoishi kwa kuendana na mazingira yake", na wengi wanarudi na kitu kile kile: ukurasa wa maana ya ikolojia, ukurasa wa makabila ya mkoa, alafu picha ya ngalawa. Hapo hamna kitu. Kwaiyo nimeona niandike namna kazi yenyewe inavyofanyika, na sio kwa wanafunzi tu, hata we mwenyekiti wa mtaa au mama wa kikundi cha mwani unaetaka kuelewa kwanini mambo ya kwenu yamekaa hivo yalivokaa, itakufaa.

Nadharia kidogo kwanza, tusikae sana hapo. Ikolojia ni elimu ya viumbe na mazingira yao, na ikolojia ya binadamu ni hiyohiyo ila kwa watu. Kama jina la fani ilianzishwa na Mjerumani Ernst Haeckel mwaka 1866 na yeye alikuwa na wanyama na mimea yake. Miaka ya 1920 kule Chicago kina Robert Park na Ernest Burgess wakaichukua wakaipeleka mjini, wakasema hata watu wa mjini wanagombania nafasi, wanasukumana, mmoja anahama mwingine anaingia. Baadae Julian Steward, 1955, akaja na njia ambayo mpaka leo naiona ndo nyepesi kuishika: anza na kazi ya watu ya kujipatia riziki, angalia wana vifaa gani na mazingira gani, alafu angalia hiyo kazi inawalazimisha kujipanga vipi, ndo mwisho uangalie ule mpangilio umegusa nini kwenye ndoa, urithi, dini, siasa na kadhalika. Yani mila zinakuja mwisho. Wengi wanaanza na mila, ngoma na jando, ndo maana wanakwama.

Na kuna Otis Dudley Duncan, 1959, huyu ametuachia vitu vinne tu vya kuandika juu ya karatasi: watu, mpangilio wao, mazingira, na teknolojia. Kimoja kikiguswa vitatu vilivyobaki vinatikisika. Ukishakuwa na hivi vinne pamoja na ngazi tatu za Steward una vya kutosha, usijaze daftari.

Ila kuna moja ya kutupa. Ile nadharia ya zamani kwamba hali ya hewa ndo inaamua tabia za watu, eti joto la pwani linaleta uvivu na baridi inaleta akili. Wakoloni waliipenda mno maana iliwasaidia kueleza kwanini wao wakae barazani na mwingine akate mkonge. Angalia tu mwambao wa Mkinga, Mdigo, Msegeju, mvuvi aliyevuka kutoka Pemba na mtu wa bara aliyehamia juzi, wote jua lile lile na bahari ile ile, na kila mmoja riziki yake anaitafuta kivyake. Mazingira yanaweka mipaka na yanaweka gharama, kuchagua wanachagua watu. Na mimi naongeza swali ambalo kwenye vitabu vingi vya zamani linapita haraka haraka: anachagua nani, na gharama anabeba nani? Hilo swali tembea nalo kila hatua.

Haya tuanze kazi. Chagua eneo dogo na riziki moja. Usiseme "wavuvi wa Tanga", sema pweza wa kijiji kimoja, au machungwa ya kitongoji kimoja Muheza, au viazi vya bonde moja Lushoto. Ukichukua mkoa mzima utaishia kuandika kijitabu cha utalii. Mi hapa nitatumia zaidi pweza kwa sababu ndani yake kuna kila kitu.

Kitu cha kwanza kabisa uchore ni kalenda, na usichore ya Januari mpaka Desemba, chora ile wanayoishi nayo watu wa pale. Kwa pwani yetu kuna kaskazi, ule upepo wa kama Desemba mpaka Machi, bahari imetulia na watu wanatoka mbali, na kuna kusi kuanzia kama Aprili au Mei mpaka Septemba huko, bahari inachafuka, mwenye ngalawa ndogo anabaki ndani ya miamba. Juu yake weka mvua, masika ya Machi mpaka Mei na vuli ya Oktoba mpaka Desemba. Wazee wengine watakuhesabia kwa miongo kuanzia Nairuzi, yani kumi kumi za siku tokea siku ya mwaka, waache wahesabu na we andika, ile ni kalenda ya jua na wakulima na mabaharia wa Kiswahili wameitumia miaka na miaka. Alafu juu ya yote weka mwezi. Hapa ndo vijana wa kutoka bara wanapotea kabisa.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti inapita mita 3, katikati yake kuna maji mafu ambapo bahari haiendi wala hairudi kwa kiasi cha maana. Na kwa huku kwetu siku za bamvua maji yanatoka kabisa mida ya saa 4 saa 5 asubuhi, mchana kweupe, ndo mwamba unaachwa wazi na akina mama wanashuka na kijiti na kikapu kutafuta pweza na chaza. Sasa angalia hii: wanaolima mwani nao wanataka maji yaleyale ya bamvua, maana ndo vigingi na kamba za mwani zinafikika kwa miguu. Kwaiyo pweza na mwani vinagombania saa zilezile za watu walewale. Mama mmoja hawezi kuwa sehemu mbili, ataamua, na akiamua anaangalia bei ya kilo, watoto, magoti yake, na nani atabaki na mgonjwa nyumbani. Ikolojia ya binadamu yote imo humo kwenye uamuzi wa huyo mama saa 4 asubuhi.

Na ukishajua hilo utaelewa kitu kingine. Mradi unaitisha mkutano saa 4 asubuhi siku ya bamvua, wanakuja wanaume sita na mjumbe, ripoti inaandikwa "wanawake hawana mwamko". Wallahi nimeziona hizo ripoti. Angalia mwezi kabla hujapanga mkutano.

Usiku nao una kalenda yake. Wavuvi wa dagaa wanataka giza, wanawasha taa dagaa waje, zamani karabai sahivi taa za sola na betri, mbalamwezi ikitoka wanakaa pembeni wanashona nyavu. Kwaiyo hata duka la pale bandarini linakopesha kwa mwezi wa mbinguni, sio kwa tarehe za benki. Muulize mwenye duka akuoneshe daftari la madeni kama atakubali, hilo daftari ni data safi kuliko dodoso lako.

Kalenda ikishakaa, nenda kwenye vifaa, na hapa kuwa mbishi. Usiandike "wanatumia nyavu". Nyavu ya macho makubwa au madogo, jarife (nyavu ya papa), mshipi, dema (mtego wa kusuka), juya (nyavu ya kuvuta), kila kimoja kina samaki wake, kina chake cha maji, idadi ya watu wake na mwenyewe wake. Dema mtu mmoja anaweza kulisuka na kulitega. Juya linataka kundi la watu wa kuvuta, kwaiyo linataka bosi, na bosi anataka mgao. Uliza mgao unavyokatwa: chombo kinachukua ngapi, nyavu ngapi, mashine ngapi, na wanaobaki wanagawana nini. Utashangaa jinsi kifaa kinavyopanga watu. Mfano mzuri ni jarife. Wavuvi wa huku walipoanza kushusha majarife kwenye kina kirefu kutafuta papa, wakaanza kuopoa silikanti, yule samaki ambaye wanasayansi mpaka mwaka 1938 walidhani aliisha zama za kale kabisa. Matokeo yake mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari ya silikanti hapa Tanga, ikaja na sheria zake, na mvuvi wa Kigombe ambaye alikuwa anatafuta papa wa kukaanga akajikuta anaishi ndani ya hifadhi. Kifaa kimebadilika, mpangilio ukabadilika. Duncan angefurahi.

Pweza vilevile. Zamani ilikuwa kazi ya akina mama na watoto kwenye mwamba unaokauka, wa kula nyumbani na kuuza mtaani. Viwanda vya kusafirisha nje vilipoanza kununua, bei ikapanda, wanaume wakaingia na miwani ya kuzamia, wakaenda miamba ambayo haikauki, pweza wakubwa wote wako kule. Akina mama wakabaki na maji ya magotini na pweza wadogo. Mwamba ni uleule, pweza yuleyule, ila nani anafika wapi kumebadilika. Ukiandika tu "jamii imeendana na fursa ya soko" umewafuta hawa akina mama.

Alafu kuna baruti. Hii siwezi kuipita maana Tanga tuliipata sifa mbaya. Mtu anatupa chupa, anakusanya anachoweza, mwamba uliochukua miaka mingi kukua unabaki kifusi. Kuna wanaosema ile nayo ni mbinu ya kukabiliana na umaskini. Ni mbinu, ndio, ya mtu mmoja kwa siku moja, wengine kijiji kizima wanamlipia. Ndo maana unapouliza "wanaendanaje na mazingira" lazima useme kwa muda gani na kwa nani. Elinor Ostrom, aliyepewa Nobel mwaka 2009, alionesha kwamba watu wanaotumia kitu cha pamoja wanaweza kukitunza bila kukigawa vipande na bila serikali kuwasimamia kila hatua, ilimradi mipaka ijulikane, sheria wazitunge wao, kuwe na mtu wa kuangalia na adhabu ianze ndogo ikipanda. Tanga tuna mfano wake, kuanzia 1994 ulikuwepo mpango wa hifadhi ya ukanda wa pwani ambao vijiji vyenyewe vilikaa na kukubaliana kufunga baadhi ya miamba na kufanya doria. Kufunga mwamba wa pweza kwa miezi michache kuna akili yake pia, pweza anakua haraka mno, ukimwacha miezi mitatu hivi humkuti tena yule wa mwanzo. Lakini mtafute aliyekosa kitoweo miezi hiyo mitatu. Kama ni yule bibi asiye na chombo wala mtoto wa kumtumia hela, basi andika.

Twende kwenye nyumba. Pima chumba. Kweli, chukua futi. Nyumba za mawe za kale za Waswahili, na magofu kama ya Tongoni yanakupa picha, vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, upana kama mita 2.5 na kidogo juu yake. Sababu ni boriti. Dari lilibebwa na boriti za mikoko na boriti nzuri haiendi urefu zaidi ya hapo ikabeba chokaa na mawe. Kwaiyo mti wa matopeni ukaamua upana wa chumba cha tajiri, na boriti hizohizo zikapakiwa majahazi mpaka Uarabuni ambako miti hamna na vyumba vya huko vikakaa upana huohuo. Sasa njoo kwenye nyumba ya udongo na makuti ya leo, alafu uliza kwanini watu wanaweka bati wakati bati ni joto. Wataalamu wanapenda kusikitika hapa, "wameacha teknolojia asilia". We uliza tu. Utaambiwa makuti yanaoza kila baada ya miaka michache na minazi imepungua, bati linakinga maji ya mvua unaingiza kwenye pipa, moto wa jirani haukufikii upesi, na ndio, heshima pia ipo. Hizo ni sababu za mtu anaepiga hesabu. Joto analijua.

Muda nao urudi nyuma. Waombe wazee wakuchoree kilichokuwepo. Pangani watakwambia kuhusu kisiwa cha Maziwe, kilikuwa na mivinje na kasa wanapanda kutaga, kufikia miaka ya 80 mwanzoni miti yote ilikuwa imekwisha na leo ni mchanga tu ambao maji yakijaa unafunikwa. Watakubishania sababu, mmoja atasema miti ilikatwa, mwingine atasema bahari yenyewe imekula. Andika ubishi wote, usichague upande kabla hujamaliza.

Sasa panda mlimani. Hata kama kijiji chako ni cha pwani, panda, maana hutaielewa pwani ukiwa pwani peke yake. Chora mstari kutoka baharini: Tanga mjini usawa wa bahari, Muheza kama mita 200, Amani kama 900, Lushoto kama 1,400. Upepo wa bahari unakuja na unyevu, unagonga Usambara, unapanda, unapoa, unamwaga mvua. Tanga mjini tunapata kama milimita 1,300 kwa mwaka, Amani inakaribia 2,000, alafu ukivuka nyuma ya milima upande wa Mkomazi ni nyika kavu. Kwenye mstari huo andika kinachotoka kila ngazi: samaki na nazi chini, machungwa Muheza, iliki na mdalasini na pilipili manga Amani kwenye kivuli cha miti mikubwa, mboga na matunda ya baridi Lushoto. Alafu nenda siku ya gulio ukae ukiangalia nani anashusha nini na anapandisha nini. Dagaa wanapanda, ndizi zinashuka. Watu wa ngazi moja wanawezekana kwa sababu wa ngazi nyingine wapo.

Wasambaa walilijua hili zamani sana. Vijiji vingi vya kale walivikaa karibu na ukingo wa mlima, ili mtu awe na migomba yake juu kwenye baridi na shamba jingine chini nyikani, mvua ikikataa huku inaweza kukubali kule, na usiku anarudi kulala juu ambako mbu ni wachache na wavamizi wanaonekana wakija. Nikisikia mtaalamu anafundisha "kutawanya hatari" kama kitu kipya nacheka.

Ila pia Wasambaa walikuwa na wazo ambalo naliona limewazidi wengi wa Chicago. Kwao nchi inaweza kubanwa na inaweza kuponywa, kubana shi na kuzifya shi, na hiyo haikuhusu mawingu peke yake. Mfalme wao, wa ukoo wa Kilindi, ndo alikuwa na mvua, akiwa na nguvu na hana mpinzani nchi inapona, wakubwa wakianza kugombania madaraka nchi inabanwa, njaa inaingia. Unaweza kusema ushirikina. Lakini soma tena utaona wanasema njaa inatokana na jinsi watu walivyotawaliwa, ukame ni nusu ya habari tu.

Na historia ikaja kuwapa haki. Mwisho wa miaka ya 40 Mwingereza aliona udongo wa Usambara unamomonyoka, kule Mlalo akaamrisha matuta kwenye miteremko yote, kwa sheria na faini. Kitaalamu matuta yanazuia udongo, hakuna ubishi. Lakini kazi ya jembe iliangukia zaidi wanawake, mashamba yalikuwa madogo tayari, na watu walikuwa na hofu kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa. Wakagoma, ikawa siasa kweli kweli, na mradi ukaachwa miaka ya 50 inakwisha. Ukisoma ripoti za wakati ule utakuta "wenyeji hawaelewi mmomonyoko". Walielewa sana, walichokuwa wanauliza ni nani analima na nani anakuja kuvuna.

Mkonge uweke hapa pia maana bila mkonge huwezi kuusoma mkoa huu. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa kutokea Tanga. Kutoka miche 62 mpaka miaka ya 60 mwanzoni Tanganyika inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, hakuna nchi inayoifikia. Mkonge hautaki maji mengi lakini unataka mikono, kwaiyo wakaletwa manamba kutoka mbali, Wabena, Waha, Wamakonde, watu wa Burundi, ndo maana ukienda Muheza au Korogwe leo unakuta vitongoji vina ndugu mpaka Ruvuma. Alafu kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba yakawa vichaka, na watu wa Muheza wakageukia machungwa. Sasa niambie, mazingira ya Muheza ni nini? Ni udongo na mvua, sawa, lakini ni pia bei ya kamba kule Ulaya. Ukiandika mazingira kama milima na mito tu umeacha nusu.

Kuhusu miili yetu nitapita kwa kifupi. Binadamu haendani na mazingira kwa akili na vifaa tu, damu nayo imo. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionesha kwamba mtu aliyerithi sikoseli upande mmoja anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndo maana vinasaba hivyo viko vingi ukanda wa malaria kama huu wetu. Aliyerithi pande zote mbili anaumwa, na huyo ndo analipa gharama ya kinga ya wenzake. Tahadhari moja: usiende nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana sikoseli. Hilo ni la hospitali.

Kama eneo lako ni mjini, chukua ile michoro ya Burgess ya 1925, duara ndani ya duara, katikati biashara, pembeni yake mtaa wa wahamiaji na maskini, wenye nazo mbali kabisa. Jaribu kuiweka juu ya ramani ya Tanga. Haikai. Raskazone wenye nazo wako ncha ya bahari wanapigwa na upepo, kutembea kidogo tu umefika katikati ya mji, Ngamiani iko upande wa pili wa reli na barabara zake zimenyooka zina namba kama daftari la hesabu. Hiyo haikutokea kwa watu kusukumana wenyewe, mkoloni alichora nani akae wapi na upepo mzuri akajiwekea yeye. Duara za Chicago zilikuwa za Chicago. Ila kuzijaribu kuna faida, pale zinapokataa ndo unapata la kuuliza. Kingine rahisi mjini ni kufuata maji ya bomba kurudi nyuma: yanatoka bwawa la Mabayani, bwawa linapata maji ya mto Zigi, Zigi inatoka misitu ya Amani. Kwaiyo mkulima wa iliki anaefyeka mtelemko kule juu na mama anaefungua bomba Makorora wako kwenye ikolojia moja na hawajuani. Nani anamlipa yule wa juu asifyeke? Hapo una tasnifu nzima.

Sasa mahojiano, maana huku ndo heshima zinapimwa. Barua ya serikali ya kijiji uwe nayo, anza kwa mwenyekiti, usipite moja kwa moja bandarini na kamera. Shikamoo kwa kila aliyekuzidi, kaa chini kama wamekaa chini, salamu zikamilike, habari za nyumbani, za watoto, za kazi, usiangalie saa. Swali la hela liwe la mwisho au lisiwepo. Na tafadhali usiulize "je mnakabilianaje na mabadiliko ya tabianchi", watu wameshahudhuria semina nyingi na watakujibu kisemina, tumepanda miti, tumeunda kikundi. Uliza mambo ya mwaka fulani. "Bibi, mwaka gani mlikosa kabisa? Mlikula nini?" Hapo atakwambia kuhusu ndiga, kile kiazi cha porini chenye sumu ambacho lazima kikatwe vipande kilowekwe siku kadhaa maji yakibadilishwa kabla hujakipika, nani alikijua kukitengeneza, nani alilishwa kwanza, nani alihamia kwa wajomba zake. Na kama inawezekana shuka nao mwambani, ubebe kikapu, utajifunza zaidi ukiwa umeinama.

Mtego wa mwisho, na huu unawanasa wasomi: kudhani kila desturi ina kazi yake ya kulinda mazingira. Roy Rappaport, 1968, alieleza jinsi sherehe za kuchinja nguruwe za watu wa Tsembaga kule Papua New Guinea zinavyoweka sawa idadi ya nguruwe, watu na mashamba, kazi nzuri sana, lakini baada yake watu wakaanza kuona mizani kila mahali. Huku kwetu utasikia mzimu fulani umehifadhi msitu, na kweli misitu mingi ya mizimu imesimama mpaka leo. Lakini usiandike kwamba mzimu uliwekwa ili kuhifadhi msitu mpaka uwe umeona ushahidi, kwa mfano watu wanakatazwa nini hasa, na wanaokatazwa ni nani, na mzee anaeshika funguo anapata nini.

Kuandika usihangaike. Karatasi moja ya kalenda, moja ya mstari wa mwinuko, moja ya mgao wa chombo, moja ya "nani anapata, nani analipa". Rudi nazo kijijini uzisome kwa sauti siku ya maji mafu, watu watakuwepo. Watakurekebisha, wengine watabishana wenyewe kwa wenyewe, we endelea kuandika. Na kama eneo lako liko bara, Handeni au Kilindi huko, toa bamvua uweke mvua, malisho na mbung'o, na uanzie miaka ya 1890 sotoka ilipoua ng'ombe, vichaka vikarudi na mbung'o wakarudi navyo, mengine yote fanya vilevile.